Trekta Kuukuu Ni Darasa

Trekta likikataa kuwaka msimu wa kulima, hasara haimfiki mwenyewe peke yake. Majirani waliokwisha kulipa wanasubiri zamu, mbegu inasubiri ghalani, na mvua ndiyo isiyomsubiri mtu. Katika Taveta, ambako mkulima huyatazamia masika na vuli, pamoja na maji ya chemchemi na ya Mto Lumi yanayotoka upande wa Mlima Kilimanjaro, siku chache za kukosa kulima zaweza kuharibu mipango ya mwaka mzima. Nimeyatazama matrekta mengi yaliyoegeshwa chini ya miembe katika wilaya hiyo, na nimeshawishika kwamba aghalabu injini zake hazijafa. Kilichokufa ni umeme wake. Hapo ndipo nilipoona kuna jambo ambalo walimu na wanafunzi wetu yafaa walifikirie.

Taveta si nchi ngeni kwa mashine. Reli ya kutoka Voi ilifikishwa huko wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, majeshi ya Waingereza yalipokuwa yakiwakabili Wajerumani karibu na mlima wa Salaita. Baada ya hapo yakaja mashamba makubwa ya mkonge, na Ewart Grogan, mlowezi aliyemiliki ardhi kubwa mno, akajijengea jumba juu ya kilima cha Girigan ambalo hata leo watu huliita kasri. Penye mkonge pana mitambo, na penye mitambo pana mafundi. Matrekta yaliyochakaa kwenye mashamba makubwa huishia mikononi mwa wakulima wadogo, yakalima mahindi na vitunguu, na kuvuta matela ya ndizi kwenda soko la Taveta siku za Jumatano na Jumamosi.

Matrekta hayo si ya kudharauliwa. Ferguson ndogo ya rangi ya kijivu, iliyoundwa Uingereza kuanzia 1946 hadi 1956, ilitolewa kwa idadi inayopita 500,000. Ni Ferguson za aina hiyo alizoziendesha Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest mwaka 1953, hadi akaingia Ncha ya Kusini ya dunia Januari 1958. Iliyofuata baadaye, Massey Ferguson 135, iliundwa Uingereza kuanzia 1964 hadi 1975, na hadi leo haijaona haya kujitokeza shambani. Wakenya nao waliipenda mashine hii kiasi cha kuiita tingatinga, na chama cha NDP kilipoichukua kuwa alama yake katika uchaguzi wa 1997, Raila Odinga akabaki na jina la Tinga.

Basi kwa nini mashine yenye sifa kama hizo isukumwe na vijana 6 kila asubuhi ndipo iwake? Jibu liko kwenye chombo kidogo kilichofungwa ubavuni mwa injini, nacho ni dainamo.

Dainamo ni mjukuu wa ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831: waya ukipitishwa katika uga wa sumaku, umeme huzaliwa ndani yake. Katika dainamo, sumaku imetulia kando na nyaya ndizo zinazozunguka katikati. Umeme wote unaozaliwa lazima utoke kwenye kitu kinachozunguka kuingia kwenye kitu kilichotulia, na njia yake ni vipande vya shaba vilivyopangwa duara, vinavyosuguliwa na vijiti viwili vya kaboni. Mkondo wote mzito hupita hapo. Vumbi likiingia, kaboni zikiisha, shaba ikichimbika, cheche huruka na umeme hupungua. Isitoshe, nyaya hizo nzito haziwezi kuzungushwa kwa kasi kubwa mno, kwa maana zitafumuka. Ndiyo sababu dainamo huzungushwa kwa kiasi, na injini inapounguruma polepole haitoi kitu cha maana. Ili betri isije ikaurudisha umeme wake kwenye dainamo, pamewekwa kisanduku ambacho mafundi wetu hukiita katauti. Ndani yake mna visumaku na vidole vya chuma vinavyofunga na kufungua njia. Vidole hivyo navyo huungua.

Dainamo nyingi za Lucas zilizofungwa kwenye matrekta ya Uingereza hazikupita ampea 22 hata zikiwa mpya. Na tufanye hesabu ndogo ambayo mwalimu anaweza kuiandika ubaoni. Tuchukulie kwamba mota ya kuwashia inavuta ampea 300 kwa sekunde 5. Hiyo ni chaji ya kulombi 1,500. Kuirudisha betrini kwa mkondo wa ampea 15 kutachukua sekunde 100, tukiacha kando kile kinachopotea njiani. Kuirudisha kwa ampea 3 za dainamo iliyochoka kutachukua sekunde 500, tena injini ikiwa inakwenda mbio. Sasa fikiria trekta la Taveta linalolima kijishamba cha robo ekari, likazimwa, likavuta tela la samadi, likazimwa, na usiku likawashiwa taa mbili za mbele za wati 45 kila moja ili ndizi zifike sokoni alfajiri. Taa hizo peke yake zadai ampea 7 na nusu. Betri hutoa kila siku kuliko inavyopokea. Mwisho wake ni vijana 6 na mteremko.

Alteneta imegeuza mpango huo juu chini. Ndani yake sumaku ndiyo inayozunguka, na nyaya zinazozaa umeme zimetulia pembeni. Kinachopita kwenye kaboni sasa ni mkondo mdogo tu wa kuiamsha sumaku, nao unapita juu ya pete laini zisizo na mipasuo, hivyo kaboni hudumu miaka. Umeme mzito hutoka kwenye nyaya zilizotulia bila kusuguana na chochote. Lakini umeme huo ni wa mkondo geu, hali betri inataka mkondo mnyoofu. Hapo zinaingia diodi 6, vijilango vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja na kuukataa upande wa pili. Diodi za silikoni zilipopatikana kwa bei nafuu, ndipo alteneta ilipoingia kwenye magari. Kampuni ya Chrysler ya Marekani iliifunga kwenye gari lake la Valiant la mwaka 1960, na makampuni mengine yakafuata. Kwa kuwa sumaku inayozunguka ni kitu kigumu kisichofumuka kwa urahisi, alteneta huwekewa puli ndogo, ikazunguka kwa kasi, ikachaji hata injini ikiunguruma polepole. Alteneta ya kawaida kama Lucas 17ACR hutoa ampea 36. Wala haihitaji katauti, maana diodi zenyewe huuzuia umeme wa betri usirudi nyuma.

Kwa maelezo hayo mtu ataona kazi ni rahisi: toa dainamo, tia alteneta, funga mkanda, washa. La hasha! Namjua mkulima mmoja wa upande wa Kimorigo aliyenunua alteneta iliyotolewa kwenye gari, akampa fundi aifunge kwenye trekta lake la zamani. Betri ilipounganishwa tu, kabla hata injini haijazungushwa, moshi ulitoka. Akaambiwa alteneta ilikuwa mbovu. Akauza mbuzi, akanunua ya pili. Nayo ikatoa moshi. Ni fundi wa tatu, mzee aliyekulia kwenye karakana za mashamba ya mkonge, aliyeinama, akautazama waya wa betri na kumwambia: "Mzee mwenzangu, hili bodi yake ni chanya. Hawa wamekuunguzia bure." Kufikia hapo vuli ilikuwa imekwisha kuanza, na mkulima yule alikuwa kwenye foleni ya trekta la jirani.

Ni maneno machache, lakini yamebeba fizikia ya muhula mzima. Katika magari tuliyoyazoea, ncha hasi ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Matrekta mengi ya Uingereza yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa kinyume, ncha chanya kwenye bodi. Dainamo haikujali sana, kwa sababu inaweza kugeuzwa kwa kuamshwa upya. Alteneta ya kawaida yataka hasi kwenye bodi. Ukiiunganisha kinyume, vile vijilango vyote vinafunguka kwa pamoja, na betri inamwaga mkondo wake wote kupitia diodi bila kizuizi. Diodi huungua kwa kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutazama. Je, betri ni ya volti 6 au 12? Ncha ipi imefungwa kwenye bodi? Mtu asikisie kwa jina la trekta wala kwa rangi yake, maana mashine iliyopitia mikono mingi huenda imekwisha kugeuzwa. Ikiwa ni chanya, betri hugeuzwa. Nyaya mbili za mita ya ampea hubadilishana nafasi ili mshale usisome kinyume. Na kama injini ni ya petroli, nyaya ndogo za koili nazo hubadilishana. Taa hazina neno. Hizo hutoa mwanga umeme ukija kutoka upande wowote.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: je, mota ya kuwashia haitazunguka kinyumenyume? Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Katika mota za matrekta hayo, sumaku yenyewe ni ya umeme, na mkondo ule ule hupita kwenye sumaku na kwenye nyaya zinazozunguka. Ukiugeuza mkondo, umegeuza vyote viwili kwa pamoja, na hasi mara hasi ni chanya. Mota inazunguka vile vile. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa kanuni hiyo ulio na harufu ya dizeli, ameupata.

Jambo la pili ni njia ya umeme. Katauti huondolewa kabisa isiwe njiani. Waya mnene hutoka kwenye ncha kuu ya alteneta hadi kwenye betri, mara nyingi kupitia bolti ya swichi ya mota ya kuwashia. Waya wa zamani ulipimwa kwa mkondo wa dainamo. Ukiuachia ampea 36 utapata moto, nao utaunguza ganda lake. Mita ya zamani ya ampea nayo yafaa iondolewe kwenye njia kuu, na mahali pake iwekwe mita ya volti, kwa kuwa nyingi hazikuundwa kustahimili mkondo huo.

Jambo la tatu ndilo linalowasumbua wengi, nalo ni ile taa ndogo nyekundu ya kuonya. Watu hudhani ni pambo. Katika alteneta nyingi za aina hii, mkondo mdogo unaopita kwenye taa hiyo, ambayo aghalabu ni ya wati 2.2, ndio unaoiamsha sumaku injini inapoanza kuzunguka. Taa ikiungua, au fundi akiiacha kwa kubana matumizi, alteneta nzima huenda ikalala usingizi mpaka injini ipigwe mbio sana. Wengine huweka taa za kisasa za diodi zinazokula umeme kidogo mno, kisha wakashangaa kwa nini hakuna chaji. Kidogo kikiondolewa, kikubwa hakiamki.

Yaliyosalia ni kazi ya mikono yenye adabu. Puli zote zinyooshwe katika mstari mmoja, kwa sababu mkanda uliopinda hujila wenyewe. Mkanda ukikazwa, ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba uingie kama sentimita moja hivi. Injini isizungushwe hata dakika moja betri ikiwa imetolewa, na nyaya za alteneta zichomolewe kabla ya kuchomelea chuma chochote kwenye trekta. Mwisho, pima. Betri nzuri ya volti 12 iliyotulia husoma karibu 12.6. Injini ikizunguka na alteneta ikafanya kazi, mita isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikipita 15, kidhibiti kina kasoro na betri itachemka.

Kuna watakaosema kwamba dainamo iachwe ilivyo. Hawakosi hoja. Dainamo hutengenezeka. Kaboni zake huchongwa, beringi zake hubadilishwa, na fundi mwenye bisibisi na msasa anaweza kuifufua chini ya mti. Alteneta ikiharibika ndani mara nyingi hutupwa na kununuliwa nyingine, na pasipo mita ya kupimia, fundi anapapasa gizani. Mimi nasema hivi: mwenye trekta lisilofanya kazi usiku, lisilozimwa na kuwashwa mara nyingi, na dainamo yake ingali nzima, asikimbilie kubadilisha kwa sababu jirani amebadilisha. Lakini mwenye kulala na wasiwasi kila msimu, alteneta ni ukombozi wake, kwa sharti kwamba anayeifunga anajua anachokifanya.

Sharti hilo ndilo kiini cha makala haya. Tazama jinsi elimu ilivyogawanyika katika kisa cha Kimorigo. Fundi wa kwanza alikuwa na mkono; ameshafunga alteneta nyingi za magari, lakini hakuna aliyemweleza kwa nini diodi ina upande. Si mbali na hapo, katika shule ya sekondari, walikuwamo wanafunzi waliojua kwamba diodi ina upande. Katika mtaala wa 8-4-4, mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha nne alifundishwa ugunduzi wa Faraday, akafundishwa pia jinsi diodi zinavyogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu. Aliuchora mchoro huo, akaujibia mtihani, na pengine akapata alama zote. Hakuwahi kuishika diodi yenyewe. Kati ya karakana na darasa palikuwa na mwendo wa dakika chache, na mkulima akapoteza alteneta mbili katika mwendo huo.

Eneo letu limekwisha kuona mgawanyiko kama huo ukifanya madhara makubwa zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga huko Tanganyika, makao yake yakiwa Kongwa. Yaliletwa matrekta yaliyosalia baada ya vita, mengine kutoka Ufilipino, yakakutana na ardhi ngumu, vipuri haba na madereva ambao hawakupewa mafunzo ya kutosha. Mengi yaliharibika, na kufikia 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mashine zilikuwapo na fedha zilikuwapo. Elimu ya kuzitunza mahali pale, kwa watu wa pale, ndiyo iliyokosekana.

Sisi hatuna mamilioni ya kupoteza. Tuna mbuzi wa mkulima. Kwa bahati njema njia ya kutokea haina gharama kubwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulinuia kuwapa wanafunzi ufundi wa mikono, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa 2019 umerudia nia hiyo, na katika sekondari msingi limo somo la kumwandaa mwanafunzi kwa ufundi. Nalo litakwama pale pale kama tutasubiri karakana ijengwe na vifaa viletwe kwa lori. Karakana zipo. Ziko Taveta mjini, ziko Mwatate, ziko Voi, chini ya mabati na chini ya miti. Mwalimu aende na wanafunzi 10, amwombe fundi ruhusa, awape daftari. Alteneta iliyoungua, ambayo fundi angeiuza kwa kilo kama chuma chakavu, ifunguliwe mezani darasani ili mwanafunzi azione nyaya tatu na diodi 6 kwa macho yake.

Wala lugha isiwe kisingizio. Fundi anasema katauti, bodi, puli na kaboni. Kitabu kinasema mkondo geu, mkondo mnyoofu, ncha chanya na uga wa sumaku. Yote hayo ni Kiswahili, na yanaweza kuketi katika sentensi moja kama nilivyoyaketisha hapa. Mwanafunzi atamwazima fundi sababu, na fundi atamwazima mwanafunzi mkono. Mkopo wa namna hiyo haumfilisi mkopeshaji.

Walimu wenzangu, msimu ujao wa masika matrekta yatatolewa tena chini ya miembe. Mwenye darasa karibu na shamba asingoje mwaliko. Apeleke mita moja ya volti, na kabla ya mtu kugusa spana, awaachie wanafunzi wake walijibu swali moja: bodi ya hili ni ipi?